Filamu Haikutuonyesha Kazi Yao

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Hivi karibuni tulitazama kwenye televisheni filamu ya makala kuhusu Billie Holiday, mwimbaji wa jazi wa Marekani. Sehemu kubwa ilihusu dawa za kulevya, pombe na wanaume waliomtesa. Wanangu wakasema kwamba muziki wa usiku ndio uliomwangamiza. Baba yao mkubwa alipiga gita katika bendi za dansi za hapa Kigoma, nasi tunataka kumrekodi akisimulia maisha yake. Je, filamu kama hizo huacha nini, na sisi tumuulize nini? – Msomaji, Mwanga, Kigoma.

JIBU: Ndugu msomaji, mliyoyatazama si uongo, kwa kuwa Holiday alitumia heroini na alifungwa mwaka 1947 kwa kosa hilo. Linaloachwa mara nyingi, au kutajwa kwa sentensi moja na kupitwa, ni kazi yenyewe: nani alimruhusu kupanda jukwaani, nani alimlipa, na fedha zilibaki mikononi mwa nani.

Katika jiji la New York, kuanzia mwaka 1940 hadi 1967, mwimbaji au mpiga ala hakuweza kufanya kazi katika klabu ya usiku inayouza pombe bila kadi iliyotolewa na polisi, ambao kwanza walimchukua alama za vidole kama mshukiwa. Aliyepatikana na hatia ya dawa za kulevya alinyang'anywa kadi hiyo hata baada ya kumaliza kifungo chake. Holiday aliachiwa Machi 1948, na mwezi huohuo akaimba Carnegie Hall mbele ya umati mkubwa, kwa sababu ukumbi ule wa matamasha haukuhitaji kadi. Lakini kadi ya kumrudisha katika klabu za New York, mahali alipojengea jina lake, hakupewa tena hadi alipofariki Julai 1959, akiwa na umri wa miaka 44. Mtazamaji asiyeambiwa habari hiyo humwona mwanamke aliyechoka akihangaika mji hadi mji, akaihukumu tabia yake peke yake, ilhali sheria ilikuwa imemfungia mlango wa riziki. Mimi naona huko ni kumdhulumu marehemu mara ya pili.

Mpiga piano Thelonious Monk alinyang'anywa kadi mwaka 1951, akarudi kwenye klabu za jiji hilo kwa kazi ya kudumu mwaka 1957. Katika miaka hiyo mkewe, Nellie, ndiye aliyefanya kazi ya kuitunza familia. Filamu nyingi humweka mke pembeni, akitokea kwenye picha ya harusi na baadaye msibani, ingawa bila mshahara wake pengine tusingekuwa na muziki wa kusimulia.

Mwimbaji na mcheza dansi Josephine Baker naye hukumbukwa kwa sketi ya ndizi aliyochezea Paris mwaka 1926. Lakini mwanamke huyo alipeleka habari za siri kwa ajili ya Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Pili, akalea watoto 12 wa kuwaasili, akapoteza nyumba yake kwa madeni, na bado alikuwa jukwaani Paris Aprili 1975, siku chache kabla ya kufariki akiwa na miaka 68.

Kwetu mambo hayakuwa ya kadi za polisi, lakini mwenye mamlaka juu ya kazi alikuwapo. NUTA Jazz ya Dar es Salaam, iliyoundwa miaka ya 1960, ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walikuwa waajiriwa. Katika bendi nyingi vyombo vilikuwa mali ya taasisi au ya tajiri, kiasi kwamba mpiga gita hodari akihama aliondoka mikono mitupu. Hapa Tabora, mji wa bendi za Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, ukikaa na wazee wa dansi watakusimulia habari za vyombo na malipo kabla ya habari za wanawake na pombe.

Basi muulizeni baba mkubwa gita lilikuwa la nani, kiingilio kiligawanywaje, nani alilipa nauli ya treni bendi iliposafiri, na kama waliwahi kurekodi redioni walilipwa nini kanda zile zilipoendelea kupigwa. Muulizeni pia kuhusu mazoezi ya mchana, maana kazi ya usiku hutengenezwa mchana. Mama mkubwa, kama yupo, msimrekodi kwa dakika mbili za kumsifu mumewe. Mpeni kikao chake mwenyewe, bila mzee kuwapo, aeleze nyumba ilikula nini bendi ilipokuwa safarini. Mkifika kwenye ulevi na ugomvi, msivifiche, ila viwekeni baada ya hayo yote.