Siku tatu Unguja pamoja na mama na watoto

Dada, kwa kuwa umesema mna siku tatu tu Unguja, nawe utakuwa na watoto wawili na mama mwenye maumivu ya magoti, nakushauri uchague kwanza pwani, kisha matembezi. Paje na Jambiani, pwani ya mashariki, kunapendeza mno, lakini maji yanapokupwa, hasa siku za bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa kupita kawaida, bahari hurudi nyuma mbali sana, na watoto watabaki wakitazama mchanga na vigingi vya mwani. Nungwi na Kendwa, upande wa kaskazini, wataweza kuoga karibu kutwa nzima.

Asubuhi moja itengeni kwa ajili ya msitu wa Jozani, ambako kima punju, ambao asili yao ni Unguja pekee, hukaa karibu na njia kiasi cha kuwaona wakichambua majani machanga kwa vidole. Tafadhali wakatazeni watoto kuwalisha. Katika mikoko kuna njia ya mbao ambayo mama ataimudu polepole.

Mji Mkongwe uachieni jioni, jua likipoa. Baraza za mawe milangoni zitampa mama pa kupumzikia. Kobe wa kisiwa cha Changuu ningewaacha safari hii, kwa sababu kupanda na kushuka mashua kutamwumiza magoti.