Biti zangu zinasikika kama roboti, ninunue MPC?

SWALI: Kaka shikamoo. Mi natengeneza biti za hip hop kwenye FL Studio hapa Mwanza, mwaka wa tatu huu. Ngoma zangu ziko ngumu, kama roboti. Nikasikia J Dilla, yule prodyuza wa hip hop, alikuwa anazima kwantaizi (kile kitu kinachovuta noti zikae sawasawa kwenye gridi ya muda), na mimi nikazima, ikawa kama mtu anaangusha sufuria jikoni. Sasa kuna jamaa anauza MPC ya zamani (mashine ya pedi ya kutengenezea biti) mkononi, anasema ndo ile ile ya Dilla. Nikinunua ntapata ile ladha? Na nikikata sampo, yani vipande, kwenye nyimbo za zamani mbona haikai na ngoma zangu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo hela usiitoe kwanza, nisikilize.

Kabla ya Dilla tuanze na laptopu yako, maana hizo sufuria nahisi najua zinatoka wapi. Ukipiga kibodi au pedi ukasikia sauti inachelewa kidogo, ujue bafa yako (kiasi cha sauti ambacho mashine inakiweka akiba kabla ya kukitoa) iko juu. Bafa ikiwa 2048, yani vipimo 2048 vya sauti, na sekunde moja ina vipimo 44,100, hiyo ni karibu milisekunde 46 za kuchelewa, na kidole chako bila wewe kujua kinaanza kukimbia mbele ili kiiwahi sauti, mara kinawahi sana, mara kinarudi, yani kila baa (mapigo manne) inakuja na kosa lake jipya. Nenda kwenye seting za odio, chagua draiva ya ASIO (hiyo ndo inapunguza kuchelewa), shusha bafa mpaka 512 au 256 kama mashine inavumilia. Kwa 512 unabaki na kama milisekunde 12 hivi na mkono unatulia. Nimekaa na vijana wengi studio waliokata tamaa wakidhani hawana mkono, kumbe tatizo ni hilo tu.

Haya, Dilla. James Yancey, mtoto wa Detroit, mtaa wa Conant Gardens, baba yake mpiga besi wa jazi, mama yake alikuwa muimbaji wa opera. Aliyemshikisha MPC ni Amp Fiddler, mpiga kinanda wa P-Funk, bendi ya fanki, aliyekuwa jirani yao, na huyo huyo ndo aliyemkutanisha na Q-Tip, rapa wa A Tribe Called Quest, mwaka 1994 wakiwa kwenye ziara ya Lollapalooza. Mwaka uliofuata tu unamkuta kwenye albamu ya pili ya kundi la The Pharcyde, halafu kundi lake la Slum Village, halafu rapa Common, na biti nyingi za hapo zilianzia beismenti ya nyumbani Detroit. Nakwambia haya sababu huyu bwana hakuwa na studio kubwa. Alikuwa na santuri, mashine, na masaa mengi sana ya kukaa nayo.

Hiyo mashine tunayomkumbuka nayo ni Akai MPC3000, ya mwaka 1994, imebuniwa na Roger Linn ambaye pia ndo alibuni MPC60 ya 1988. Sasa shika hapa, maana jibu lako lote liko hapa. MPC hizo za zamani zinagawa kila pigo vipande 96, wanaita tiki. Noti ya kumi na sita, yani robo ya pigo, ni tiki 24. Kwa spidi ya mapigo 90 kwa dakika pigo moja ni milisekunde 667, kwa hiyo tiki moja ni karibu 7. Na FL Studio yako ukiifungua bila kugusa kitu ina tiki 96 hizo hizo kwa pigo! Nenda seting za projekti, angalia palipoandikwa PPQ, hizo ndo tiki kwa pigo. Kipimo alichokuwa nacho Dilla unacho mezani kwako leo.

Na hili la kwamba alizima kwantaizi akapiga tu, watu wanalirudia sana na linapoteza vijana. Kuzima alizima, ila siyo kila mahali na siyo ovyo. Sikiliza vizuri kiki zake (ngoma nzito ya chini), sneya zake (ngoma kali), hai-hati zake (visahani), utagundua kila kimoja kina saa yake. Kimoja kimenyooka kabisa kwenye gridi, kingine kina swingi (noti ya pili katika kila mbili inachelewa kidogo), kingine kimesogezwa tiki kadhaa mbele au nyuma, maana ile mashine ilikuwa inakuruhusu kusogeza noti kwa tiki. Hivo vitu vitatu vikivutana ndo kichwa chako kinaanza kutikisika bila ruhusa. Halafu la pili, ile baa mbili au nne ikishapigwa inazunguka. Kosa likirudi pale pale kila mzunguko siyo kosa tena, sikio linaanza kulisubiri. Wewe nahisi umepiga baa kumi na sita mfululizo kila moja na mteguko wake, hapo hakuna cha kusubiri, ndo zikawa sufuria.

Fanya hivi leo usiku. Weka spidi 90, baa mbili tu. Hai-hati piga mbili kwa kila pigo, ziache zimenyooka kabisa, usiziguse, hizo ndo ukuta wako. Sneya ya pigo la pili na la nne ivute mapema tiki 2, kama milisekunde 14, kwenye piano rol (dirisha la kuchorea noti) shikilia Alt ndo isogee bila kunasa kwenye gridi. Kiki ya kwanza ya baa iache mahali pake, hiyo usiichezee maana ikiondoka wimbo mzima unapoteza nyumba, ila kiki nyingine zote zicheleweshe tiki 3 au 4. Besi ifuate kiki, siyo gridi. Afu funga macho usikilize dakika tano nzima bila kugusa mausi. Mara ya kwanza nilivyofanya hili zoezi nilikuwa na hedifoni usiku, nikarudisha sneya kwenye gridi kulinganisha, biti ikakakamaa pale pale kama mtu kavaa suti iliyombana, nikaivuta tena tiki 2 ikapumua. Tiki mbili tu!

Swingi nayo uielewe kwa namba. Kwenye MPC asilimia 50 ni kunyooka. Ukiweka 58, noti ya pili katika kila mbili za kumi na sita inasogea tiki 4 nyuma, milisekunde 28 kwa spidi ile. Ukifika 66 unakuwa umeingia kwenye mapigo ya tatu tatu, mwendo wa chakacha kabisa, kwa hip hop ni nyingi. Mi napenda 54 mpaka 60. Namba za slaida ya FL haziendani na za MPC kwa hiyo usizinakili, pima kwa sikio, na kumbuka kila chaneli unaweza kuipa swingi yake, usiwape wote kipimo kimoja maana utarudi kule kule kwa roboti, roboti anayechechemea.

Na nguvu ya mkono. Ukichora kwa mausi kila hai-hati inatoka na nguvu moja. Shusha zile za katikati mpaka karibu nusu. Wengi wanahangaika na muda wakati kilichokakamaa ni nguvu.

Tuje kwa huyo jamaa. Kwanza muulize ni modeli gani, maana MPC ziko nyingi na MPC3000 yenyewe siyo ya kuokota kirahisi. Ya Dilla iko Washington, kwenye makumbusho ya Smithsonian ya historia ya Wamarekani weusi, mama yake aliitoa mwaka 2014 pamoja na kile kinanda chake cha Minimoog Voyager. Mi niliwahi kununua MPC ya zamani mkononi, nimefika nyumbani nawasha, pedi nne hazisikii kidole mpaka ubonyeze kwa gumba kwa nguvu zote. Nikafungua, chini ya raba kuna utandu mwembamba wa plastiki wenye kaboni nyeusi, ulikuwa umelika kabisa, na kuupata mwingine ilinichukua miezi. Kwa hiyo ukienda kuiona gonga kila pedi, taratibu halafu kwa nguvu, uone namba za nguvu zinabadilika kwenye skrini. Angalia flopi inasoma. Kama imetoka Marekani angalia umeme, kwao ni volti 120 na kwetu 230, usije ukaiunguza siku ya kwanza. Ukiniuliza mimi, nunua kidubwasha kidogo cha pedi 16 cha kuchomeka USB, hela inayobaki weka kwenye spika.

La sampo kutokukaa. Nyimbo nyingi za zamani zilipigwa na watu studio bila metronomu (kile kidude cha kugonga muda), spidi inapanda na kushuka ndani ya wimbo mmoja. Ukichukua baa nne nzima ukaivuta ilingane na 90, mwanzo utakaa, katikati utapotea. Usiivute. Ikate pale pale ngoma au gitaa linapogonga, vipande sita au nane, kila kipande pedi yake, halafu vipige upya wewe mwenyewe kwa mkono juu ya ngoma zako. Anzia kipande pale pale sauti inapoanza kugonga, ukiacha hata milisekunde 20 za ukimya mbele yake kitasikika kinachelewa na utalaumu kidole bure.

Na kama unataka ile rangi ya vumbi, wakubwa waliotumia SP-1200, mashine nyingine ya zamani ya sampo, walikuwa na sekunde 10 tu za kurekodia mashine nzima, kwa hiyo santuri ya mizunguko 33 kwa dakika waliizungusha kwa 45 ili iingie haraka, wakishaiweka ndani wanaishusha tuni. Shusha kama semitoni 5 inarudi karibu na pale ilipokuwa, ila imekwaruzika vizuri. Jaribu kwenye besi kwanza, kata juu na filta, uache chini tu. Ukimaliza zile baa mbili nitumie na faili la projekti siyo MP3 peke yake, nione tiki zako zimekaa wapi.