Unataka kuanza falsafa ya maadili? Anza na lumbesa

Vijana hapa Mbeya huniuliza waanze na kitabu gani wakitaka kusoma falsafa ya maadili. Mimi huwaambia kwanza watafute jambo moja linalowakera na waling'ang'anie. Langu lilikuwa lumbesa.

Aliyewahi kuuza viazi Uporoto anaijua. Gunia linajazwa hadi mdomoni, viazi vingine vinarundikwa juu, kamba inafumwa kuvishikilia, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria inakataza. Lakini mama mwenye ada ya mtoto ya kulipa wiki hiyo hiyo atakubali tu. Ukimuuliza dalali, atakujibu: "Tumekubaliana, sasa nimemwibia nini?"

Na swali hilo mkononi nilimfungua Immanuel Kant, Mjerumani, kitabu chake cha mwaka 1785. Nikamkuta humo mwenye duka asiyempunja hata mtoto mdogo. Kant anataka kujua: hampunji kwa sababu ni wajibu wake, au anaogopa kupoteza wateja? Kwake, thamani ya tendo imo katika nia. Tena anasema binadamu asitumiwe kama chombo tu cha kumfikishia mwingine haja zake. Hapo ile "tumekubaliana" ikaanza kulegea, maana aliyebanwa na shida amekubali kwa hiari gani?

Mwingereza John Stuart Mill yeye anatazama matokeo: furaha ya wote wanaoguswa, kila mmoja akihesabiwa sawa na mwenzake. Hesabu yake ni ngumu kuliko inavyosifiwa, ila nampenda kwa jambo moja: hakuruhusu kumsahau mtu. Ni yeye aliyenifanya nimfikirie mpakiaji anayelibeba gunia lile mgongoni hadi kwenye lori.

Aristotle, Mgiriki wa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, anasema mtu huwa mwenye haki kwa kutenda haki mara kwa mara. Basi anayefunga lumbesa kila msimu anajijenga kuwa mtu wa namna gani?

Ushauri wangu ni usiharakishe kuchagua upande. Tangulia na Aristotle, kwa kuwa Kant atakuchosha mapema. Soma kurasa chache, kisha zibane kwa mfano wako mpaka zikujibu au zishindwe. Na usisome peke yako. Tafuta mtu mnayepishana kabisa kimawazo, ikiwezekana awe dalali mwenyewe, na umwache aseme hoja yake hadi mwisho kabla hujamjibu.