Alilia dakika ya kumi, lakini ubongo wake je?

Wiki hii mkunga mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, ameniandikia. Mtoto alizaliwa amechoka: Apgar, yaani alama za hali ya mtoto anapozaliwa (kamili ni 10), ilikuwa 3 dakika ya kwanza, 5 dakika ya tano. Wakampa pumzi kwa ambu (mfuko wa kusukuma hewa kwa mkono), akalia dakika ya kumi. Kwenye fishi wakaandika "hali nzuri", wakampa mama yake. Usiku akaanza kupiga miguu kama anayeendesha baiskeli, na titi akalikataa. Dada anauliza: tulikosea wapi?

Kwa ambu hamkukosea. Kosa ni kutorudi kumtazama. Apgar inaonyesha hali ya mtoto katika dakika zile tu. Haisemi ubongo umeumia kiasi gani. Ubongo uliokosa oksijeni unaweza kuonekana umetulia kwa saa chache, kisha seli zikaendelea kufa. Degedege huanza mara nyingi ndani ya saa 24 za kwanza.

Ndiyo maana ninasisitiza kipimo cha Thompson, alama za kukadiria jeraha la ubongo wa kichanga aliyekosa oksijeni. Hakihitaji mashine wala umeme, ni mikono na macho tu. Unachunguza mambo tisa: ukakamavu wa misuli, fahamu, degedege, mkao, mshtuko wa Moro (mtoto kurusha mikono anaposhtuliwa), kushika kidole, kunyonya, kupumua na utosi. Kila jambo lina alama zake, na jumla ya juu kabisa ni 22. Watu wengi hukosea kwenye misuli: mkakamavu kupita kawaida ni 1, mlegevu ni 2, aliyelegea kama kitambaa ni 3. Kwenye fahamu, mtoto anayekodoa macho bila kulala hupewa 1. Wengi humsifu kwamba "amechangamka". Hapana! Kukodoa huko ni dalili. Utosi uupapase mtoto akiwa ametulia, maana akilia hujaa hata kwa mzima.

Jumla ya 1 hadi 10 ni jeraha dogo, 11 hadi 14 la kati, 15 na zaidi ni kubwa. Lakini alama ya siku moja haitoshi. Pima kila siku, andika tarehe na saa. Mara nyingi alama hupanda hadi siku ya tatu au ya nne, kisha hushuka. Inayorudi sifuri kabla ya siku ya saba inaleta tumaini kubwa. Iliyofika 15 inatisha.

Kabla ya kuhesabu, pima joto na sukari. Usiku wa Bukavu una baridi, na mtoto aliyepoa hulegea na kuacha kunyonya, ukadhani ni ubongo. Joto liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, kupita hapo nako huongeza jeraha. Sukari ikiwa chini ya 45 mg/dl, mpe glukosi ya 10%, ml 2 kwa kila kilo, kwenye mshipa, kisha pima tena.

Degedege la kichanga halitikisi mwili mzima kila mara. Tafuta macho yaliyokwama upande mmoja, midomo inayotafuna bure, miguu inayopiga baiskeli, pumzi inayokatika. Kiungo kikitetemeka, kishike: kikitulia, ni kutetemeka tu, kikiendelea mkononi mwako, ni degedege. Fenobabito, dawa ya kuzuia degedege, ni mg 20 kwa kilo, kwenye mshipa, polepole kwa dakika 20, ambu ikiwa karibu. Andika saa uliyompa, kwa sababu dawa hiyo humlaza na kupandisha alama za fahamu.

Na tafadhali, msimpoze mtoto kwa barafu kwa sababu mmesoma kwamba Ulaya wanapoza ili kulinda ubongo. Kule ni nyuzi 33.5 kwa saa 72, kwa uangalizi mkali, kuanzia ndani ya saa 6. Utafiti wa HELIX uliotolewa mwaka 2021, uliofanywa India, Sri Lanka na Bangladesh, ulionyesha waliopozwa walikufa zaidi.

Dada wa Kadutu, mtoto wako leo yuko siku ya nne. Mpime jioni hii, mpime kesho asubuhi, kisha uniandikie jumla zote mbili, pamoja na sukari na joto.