Ukikuta mifupa kwenye msingi, usihamishe hata jiwe

Mwenzetu unayejenga Kiserian, simamisha tingatinga leo, usingoje Jumatatu. Umeandika kwamba vibarua wako wamekuta mifupa na vigae vya vyungu wakichimba msingi, na kwamba rafiki yako anakushauri uvikusanye kwenye magunia uvipeleke makumbusho wiki ijayo huku kazi ikiendelea. Ushauri huo wa magunia ndio niliopewa mimi, na umenigharimu kuliko kosa lolote nililofanya tangu nianze kusimamia ujenzi.

Tulikuwa tukichimba shimo la maji taka upande wa Barabara ya Magadi. Kwenye kina cha mita moja hivi tulikuta rundo la mawe, na mkandarasi akafurahi kwamba tumepata mawe ya kujazia msingi bila kununua lori zima. Tuliyatoa yote tukayamwaga chini ya sakafu ya nyumba ya pili. Chini ya rundo hilo kulikuwa na mfupa wa paja, taya la mtu lenye meno yaliyolika sana, vigae vyenye michoro ya nukta, na vipande vyembamba vya jiwe jeusi ling'aalo kama chupa. Mshauri wa mradi, aliyelipwa kwa ajili ya kujua mambo haya haya, alitwambia kwa simu, bila kufika, kwamba tuvisafishe, tuviweke stoo, naye angeandika barua. Niliwaagiza vijana waoshe vigae kwa brashi, nikasimama nikitazama masizi yakigeuza maji ya karai kuwa meusi, nisijue kwamba masizi yale ndiyo yangeweza kupimwa ili umri wa chungu ujulikane.

Polisi walipokuja walikuta taya la binadamu ndani ya gunia la saruji. Hakuna aliyeweza kusema papo hapo kama marehemu alikufa zamani za kale au mwaka uliopita, kwa kuwa udongo na mawe ambayo yangejibu swali hilo tulikuwa tumeyavuruga. Kazi ilifungwa kwa wiki 7. Wanaakiolojia walichekecha lundo letu la udongo karai kwa karai, na mmoja wao akaniuliza kwa upole kama nakumbuka kichwa kilielekea upande gani. Sikukumbuka. Wafugaji wa kale wa Bonde la Ufa walizika baadhi ya watu wao chini ya marundo ya mawe, na mawe ya kaburi lile yako chini ya sebule ya mpangaji hadi leo. Mshauri yule hakuomba radhi, na hasira yangu kwake haijapoa.

Linganisha na pango la Panga ya Saidi, kule Kilifi. Mifupa iliyokutwa humo ilikuwa dhaifu mno, kwa hiyo wataalamu waliizungushia plasta pamoja na udongo wake, wakaibeba kama bonge moja hadi makumbusho hapa Nairobi. Ndiyo maana tunajua kwamba mtoto yule wa miaka 3 hivi alizikwa miaka 78,000 iliyopita akiwa amelazwa ubavu na kukunjwa magoti, na kwamba huenda kichwa chake kiliwekewa kitu mfano wa mto.

Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inakutaka utoe taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7, ukieleza mahali hasa na mazingira ya ugunduzi. Utaelezaje mahali pa kitu kilichomo guniani? Kwa kuwa kuna mifupa, anzia kituo cha polisi. Kabla vibarua hawajaondoka leo, piga picha kila kitu kikiwa pale kilipo huku futi ya fundi ikiwa kando yake, funika shimo kwa turubai, na uweke mlinzi. Vilivyokwisha kutolewa usivioshe wala usivirudishe shimoni. Mwombe kila aliyetoa kitu akuonyeshe alipokitoa, ukaandike, wakati bado anakumbuka.