Maswali na majibu: Zirotani ni ya lupango gani?

Mvua za Novemba zikishafika Lubumbashi, majani hayangoji mtu. Safari hii wasomaji wengi wameuliza juu ya zirotani, ile mashine ya kukata majani ya kukalia isiyo na usukani. Dereva anashika fimbo mbili. Kila gurudumu la nyuma lina mota yake ya haidroliki, yaani inayozungushwa kwa msukumo wa mafuta: fimbo ya kulia inaamuru gurudumu la kulia, ya kushoto la kushoto. Sukuma moja mbele, vuta nyingine nyuma, mashine inazunguka pale pale ilipo. Magurudumu madogo ya mbele hayaongozi kitu, yanafuata tu. Hilo la magurudumu ya mbele mliweke akilini, tutalirudia tukifika Bukavu.

Lupango wangu ni mita 25 kwa 40, hapa mtaa wa Golf, Lubumbashi. Jirani amenunua zirotani. Na mimi ninunue? (Baba wa Golf)

Hapana, Baba, sioni sababu. Hiyo ni mita za mraba 1,000. Toa nyumba, gereji, njia ya gari na vyumba vya nyuma. Gazoni, yaani uwanja wa majani, inayobaki ikifika mita za mraba 400 ni bahati. Zirotani ndogo, yenye upana wa kukata wa sentimita 107, ikitembea kilomita 8 kwa saa, inamaliza karibu mita za mraba 6,800 kwa saa, na hapo nimeshatoa sehemu ya tano kwa ajili ya kugeuka na kupita juu ya mstari uliokwisha kukatwa. Kazi yako ingekwisha chini ya dakika tano. Kuitoa gereji na kuirudisha kungechukua zaidi. Mashine ya kusukuma yenye injini na upana wa sentimita 50 inakutosha. Kwa maoni yangu, zirotani inaanza kuwa na maana pale gazoni yenyewe, si lupango mzima, inapopita mita za mraba 2,000. Jirani mwache afurahie yake.

Nina karibu hekta moja barabara ya Kasapa, imejaa miembe. Nichukue upana gani, na injini ya nguvu gani?

Wewe sasa ndiwe mtu wa zirotani, na miembe ndiyo sababu. Mashine ya usukani inaacha duara la majani kuzunguka kila shina, halafu mtu anarudi na kupekupe, lile panga la kufyekea, kumalizia. Zirotani inalizunguka shina na kuendelea.

Mashine za nyumbani huwa na upana wa inchi 42 hadi 54, yaani sentimita 107 hadi 137. Kabla ya kuchagua, pima nafasi nyembamba kuliko zote inayopaswa kupita: kati ya tanki na ukuta, geti dogo la nyuma. Kumbuka mdomo wa kutupia majani unatokeza pembeni, kwa hiyo upana wa mashine nzima unazidi ule ulioandikwa. Mimi ningebaki kati ya inchi 42 na 48. Ardhi yetu ya Katanga haijanyooka. Palipovunjwa kichuguu panabaki nundu miaka mingi, na kisanduku kipana cha visu kikipita juu ya nundu kinanyoa mpaka udongo mwekundu unaonekana.

Injini: silinda mbili, nguvu farasi 20 hadi 24. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na injini ya esanse (petroli) isiyo na tabo, kile kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini, inapoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Ile ya 22 uliyoisoma kwenye katalogi itakupa kama 19 hapa. Kwa hiyo ukikuta injini ndogo kuliko zote imefungwa juu ya kisanduku kipana kuliko vyote, iache.

Lakini injini ndiyo kila muuzaji anayoizungumzia, na kwangu inakuja ya tatu. Ya kwanza ni zile mota za haidroliki. Za bei ya chini zimefungwa kabisa, mafuta yake hayabadilishwi kwa urahisi. Kwa hekta moja tafuta zenye filta na mahali pa kubadilishia mafuta. Ya pili ni kisanduku cha visu: cha bati lililogandamizwa ni chepesi, cha vipande vya chuma kinene vilivyochomelewa kinavumilia mizizi ya miembe. Rangi haikati majani.

Neno moja juu ya matawi. Kama mashine ina upinde wa chuma nyuma ya kiti, ule wa kumlinda dereva ikipinduka, upinde ukisimama unafungwa pamoja na mkanda wa kiti. Ukiulaza kupita chini ya tawi, fungua mkanda. Ukishapita, usimamishe tena.

Tuko Muhumba, Bukavu. Bustani inashuka mpaka karibu na ziwa. Mume wangu ameshapenda moja kwenye picha. (Mama wa Muhumba)

Mama, mzuie, na umwonyeshe maandishi haya.

Zirotani inageuka kwa magurudumu ya nyuma, na inasimama kwa hayo hayo. Kwenye mteremko uzito unaelekea chini, gurudumu moja la nyuma linateleza kwenye majani yenye umande, na hapo dereva amekosa uongozi na breki kwa wakati mmoja. Yale ya mbele, yanayofuata tu, yanageukia bondeni yenyewe. Mashine ya usukani ingalau ina magurudumu ya mbele yanayoweza kuelekezwa. Watengenezaji wengi wanaandika nyuzi 15 kuwa mwisho kabisa, wengine wanaandika 10, na wote wanaonya kukaa mbali na kingo, kuta za kuzuia udongo na maji. Nyinyi mna vyote vitatu.

Kupima ni rahisi. Chukua ubao wa mita moja, weka ncha moja juu ya mteremko, unyooshe kwa kipima-maji cha fundi mwashi, kisha pima kutoka ncha ya pili hadi ardhini. Ikifika sentimita 27, hizo ndizo nyuzi 15. Bustani nyingi za Bukavu zinazoelekea ziwa Kivu zinapita hapo.

Kwa mahali pa namna hiyo ni mashine ya kufyekea ya kubeba begani, na mtu aliyevaa buti na miwani. Mashine ya kusukuma nayo inafaa pasipo mkali sana, ikipelekwa kwa kukatisha mteremko, si kupanda na kushuka. Au punguzeni gazoni: kateni matuta, pandeni maua na matunda. Udongo wenu unashukuru kila kinachopandwa, na tuta linauzuia usiondoke na mvua.

Himbi, Goma: mawe ya volkano yatashinda visu?

Visu na madirisha pia. Ncha ya kisu inakimbia zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Jiwe la lava likigongwa linaruka kama risasi. Palipobaki mawe ya lava, mwaga kwanza udongo wa kutosha, uache majani yashike. Swali la mashine utaniuliza baadaye.

Ya batri je? Esanse inapanda bei kila wakati.

Ni tulivu, haina filta wala bujie (plagi ya kuwashia injini), na kwa mwenye sola nzuri inavutia. Lakini ni mashine nzito inayohitaji kuchajiwa usiku kucha, na umeme wetu mnaujua. Kuna jambo lingine wanunuzi wanalisahau: iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inakuja na chaja ya volti 120, sisi tuna 220. Soma kibandiko cha chaja. Kikitaja 100 hadi 240, sawa. Kikitaja 120 peke yake, ukiichomeka moja kwa moja umeiunguza.

Nimeonyeshwa iliyotumika, imetoka Afrika Kusini kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Niangalie nini?

Mwenye kuuza ataiwasha ikiwa baridi, aizungushe dakika mbili, na itapendeza. Kataa. Mota za haidroliki zilizochoka zinajificha zikiwa baridi. Mafuta yakipata moto ndipo zinalegea. Endesha nusu saa nzima, kisha panda nayo kilima kidogo. Upande mmoja ukibaki nyuma ya mwingine, au mashine ikilia bila kusogea, rudi nyumbani na dola zako. Kuvuta pembeni kidogo kwenye tambarare si kosa, fimbo zinarekebishwa.

Kisha zima, toa waya za bujie, na uangalie chini ya kisanduku kwa tochi: nyufa na kutu kuzunguka mihimili ya visu. Zungusha kila kisu kwa mkono uliovaa glavu. Ukisikia mchanga, beringi zimekwisha. Angalia pia kama waya wa swichi ya kiti umeunganishwa moja kwa moja ili mashine isizime dereva akisimama. Mafundi wetu wanapenda ujanja huo. Mimi nisingemkalisha mtu juu yake mpaka swichi irudishwe.

Na kabla hujalipa, andika namba za mikanda na visu, uulize mjini nani anazo. Asipokuwepo, agiza mikanda miwili na visu vya akiba pamoja na mashine.

Bwana wa bustani anageuka na kuacha mashimo kwenye gazoni.

Anasimamisha gurudumu moja na kulizungukia. Mwambie magurudumu yote mawili yatembee, hata moja likirudi nyuma polepole. Na asikate majani mabichi ya mvua ya asubuhi.

Kiangazi chote haitembei. Niifanyeje?

Kuanzia Mei majani yanalala, na esanse iliyosahauliwa ndani ya kabureta zaidi ya mwezi inaanza kuganda utomvu. Toa ya tangi, halafu uache injini iungurume mpaka izime yenyewe. Tenganisha waya wa batri, na uichaji mara moja moja. Badilisha mafuta ya injini kabla ya kuilaza, si baada, maana yale machafu yanakula chuma miezi yote hiyo. Kwangua majani makavu chini ya kisanduku, noa visu, uifunike. Oktoba ikianza kunuka mvua, tia esanse mpya.