Mangi, nipe kimoja

Swali la wiki linauliza: marufuku ya viroba, yaani pombe kali ya vifuko vya plastiki, ilipunguza madhara ya pombe, au ilihamisha tatizo tu? Najibu kama mtu niliyekuwa naviuza, dukani kwangu jirani na kijiwe cha bodaboda, Msamvu, Morogoro. Wateja wananiita Mangi, ingawa kwetu ni Singida.

Kiroba kilikuwa kinauzwa kama pipi. Kilining'inia dirishani pamoja na majani ya chai na sabuni za unga. Saa kumi na mbili asubuhi dereva anasimama, injini hazimi: "Mangi, nipe kimoja cha kutoa baridi." Anang'ata kona, ananyonya, anatupa mfuko mtaroni, abiria anapanda. Hesabu yake nilikuja kuipiga baadaye sana. Mfuko wa mililita 100 wenye kileo cha asilimia 35 una mililita 35 za pombe yenyewe. Bia ya mililita 500 ya asilimia 5 ina 25. Na bia unaikalia, watu wanakuona. Kiroba kilikwisha kwa mafunda mawili, tena kilienea kwenye mfuko wa kaptula ya shule.

Februari 2017, Waziri Mkuu Majaliwa alipotangaza akiwa Mirerani kwamba mwisho ni Machi 1, nilikuwa na katoni nne ndani. Sikumbuki mtu aliyelalamika kunizidi.

Walevi waliacha? Wapi. Wale wa kila siku walihamia kwenye gongo, ambayo ni hatari zaidi, maana hujui imepikwaje. Ila wanafunzi sikuwaona tena dirishani, na madereva wa alfajiri walipungua. Gongo lazima uifuate kwa mpishi wake, halafu inanuka, abiria anashuka kabla hajakaa vizuri. Kwa hiyo nasema ilisaidia, kwa sababu ulevi ulianza kudai safari.

Kinachonikera ni vichupa vya plastiki vya pombe kali. Kanuni zile zilitungwa chini ya sheria ya mazingira, zikabana kifungashio. Kipimo cha pombe ambacho mtu anaweza kukinunua kwa chenji ya nauli ndicho kingebanwa. Juzi wakala kanipitia na sampuli. Kichupa kinaingia barabara kwenye mfuko wa ndani wa koti la bodaboda, nadhani walikuja kupima.

Msomaji, Morogoro